Alama Zilizouzwa Peke Yake: Historia ya Dekali za Ziada za Modeli za Ndege za Kivita

Dekali ni alama iliyochapwa juu ya utando mwembamba wa vanishi, utando ambao umelazwa kwenye karatasi iliyopakwa gundi inayoyeyuka majini. Karatasi ikiloweshwa kwa nusu dakika, gundi hulegea, na utando pamoja na wino wake huteleza ukashika juu ya bawa, mkia au ubavu wa ndege ndogo ya plastiki. Ndiyo maana anayeiita stika ya maji hajakosea sana. Kila seti ya modeli, yaani sanduku la vipande ambavyo mnunuzi huviunganisha mwenyewe na kuvipaka rangi, huja na karatasi yake ya dekali. Dekali za ziada ni zile ambazo hazimo sandukuni: huchorwa na kuchapwa na watu wengine, huuzwa katika bahasha yake, na mnunuzi huzitaka ili aiweke kando karatasi aliyopewa na mwenye kiwanda cha plastiki. Biashara hiyo, iliyokomaa Uingereza na Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20, ilizaliwa na mashaka. Umbo la plastiki huonyesha aina ya ndege tu. Alama ndizo zinazoifanya iwe ndege moja, ya kikosi kimoja na rubani mmoja, na mara nyingi ya wiki chache tu za maisha yake, kwa hiyo mtu aliyeshuku alama alikuwa ameshuku jambo zima.

Ufundi wenyewe ni mkongwe kuliko ndege. Katikati ya karne ya 18, wachapaji wa Uingereza walianza kuhamisha michoro kutoka karatasi hadi kwenye vyombo: bamba la shaba lilipakwa wino, likachapwa kwenye karatasi, na karatasi ikagandamizwa juu ya chombo kabla wino haujakauka. Simon François Ravenet, mchonga nakshi Mfaransa aliyefanya kazi katika karakana ya Battersea mjini London, hutajwa mara nyingi kuwa mwasisi, ingawa sifa hiyo ina wadai wengine. Mjini Liverpool, mwaka 1756, John Sadler na Guy Green waliapa kwa maandishi kwamba walikuwa wamechapa vigae zaidi ya 1,200 kwa muda wa saa 6, kazi ambayo mchoraji wa mkono asingeikaribia. Karne moja baadaye kubandika picha za namna hiyo kulikuwa kumegeuka burudani ya nyumbani huko Ulaya na Marekani, na jina la Kifaransa la mtindo huo, décalcomanie, ambalo mwisho wake unadokeza wazimu wa kupenda kitu, ndilo lililokatwa likabaki dekali. Viwanda navyo viliuchukua ufundi huo kwa bidhaa zao. Nakshi za rangi ya dhahabu kwenye cherehani nyeusi za Singer, ambazo mafundi wa barazani wa Mombasa na Dar es Salaam wamezisugua kwa viganja hadi zikafifia, ni dekali.

Ndege halisi nazo zilibandikwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Meyercord ya Chicago iliyatengenezea majeshi ya Marekani dekali za maelekezo na nembo, kwa sababu kubandika kulikuwa kwepesi kuliko kumtafuta mwandishi wa herufi katika kila karakana. Jambo hili husahauliwa na wale wanaoidharau dekali ya modeli kwa kuiona ni mbadala wa rangi. Ziko alama ambazo, zikibandikwa kwenye modeli, zinarudia kwa udogo kile kile kilichofanyika kwa ukubwa.

Kabla ya alama kupewa uzito huo, modeli za ndege zilipitia kipindi ambacho umbo peke yake lilitosha. Mwanzoni mwa 1942, jeshi la majini la Marekani liliziomba shule za nchi hiyo zichonge modeli 500,000 za mbao kwa kipimo cha 1/72, ili wanamaji na walinzi wa anga wajifunze kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui. Modeli hizo zilipakwa rangi nyeusi tupu, kwa kuwa ndege inayoonekana angani dhidi ya jua haina rangi wala nembo, ina kivuli tu. Kipimo chenyewe kilikuwa kimekwisha kushika mizizi Uingereza katika miaka ya 1930, na hesabu yake ni nyepesi kwa mtu aliyelelewa na inchi: mtu wa futi 6 huwa na kimo cha inchi 1, yaani sentimita 2.5. Ni kwa kipimo hicho kampuni ya Frog ilipotoa mwaka 1936 seti za plastiki zilizoitwa Penguin, jina la ndege asiyeruka, na ni kwa kipimo hicho Airfix, iliyoanzishwa mwaka 1939 na mkimbizi wa Kihungari Nicholas Kove, ilipotoa modeli yake ya kwanza ya ndege ya Spitfire mwaka 1953. Spitfire hiyo ya Airfix iliuzwa katika maduka ya Woolworths kwa shilingi 2, bei ambayo mtoto wa shule aliweza kuimudu, na ubavuni ilibeba herufi BT na K. Kwa mtoto wa mwaka 1953 herufi hizo zilikuwa pambo zuri. Mtoto yule yule alipofika umri wa miaka 25 na kuanza kusoma vitabu vya vikosi, alitaka kujua ni kikosi gani na rubani gani, na hapo ndipo karatasi ya sandukuni ilipoanza kuaibika.

Tatizo ni kwamba alama za ndege za kivita hazikukaa zilivyo. Mwishoni mwa 1914 Waingereza walichukua alama za duara za ndege za Wafaransa wakazigeuza, bluu ikaenda nje na nyekundu katikati, kwa sababu msalaba wa bendera yao waliyokuwa wameipaka mabawani ulifanana mno, kwa mtazamaji aliye mbali, na msalaba wa Wajerumani. Tangu hapo duara hizo zilibadilishwa ukubwa, uwiano na idadi ya pete mara nyingi, hata wanahistoria wakalazimika kuziainisha kwa herufi A, B, C na D pamoja na vijukuu vyake. Wamarekani waliifuta nukta nyekundu katikati ya nyota yao mwezi Mei 1942, ili isichanganywe na jua la Wajapani. Mwezi Juni 1943 waliongeza vipande viwili vyeupe pembeni, vyote vikiwa na mstari mwekundu kuzunguka, na kabla mwaka haujaisha mstari huo ukaamriwa uwe wa bluu, kwa kuwa wekundu ule ule uliokimbiwa ulikuwa umerudi kwa mlango wa nyuma. Mwezi Januari 1947 wekundu ukaingia tena, safari hii kama mstari ndani ya vipande vile. Kwa hiyo nyota yenye mpaka mwekundu ni alama ya miezi michache tu, na anayeibandika kwenye ndege ya mwaka 1944 ameandika historia ya uongo bila kutamka neno.

Mfano ulio bayana zaidi ni mistari ya Normandy. Ili ndege za washirika zisipigwe na mizinga ya upande wao siku ya kutua Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, iliamriwa kila moja ya zile zilizohusika ivishwe mistari 5 mabawani na kiunoni, mitatu myeupe na miwili myeusi, kila mmoja ukiwa na upana wa inchi 18 kwa ndege yenye injini moja. Amri ilifichwa hadi dakika za mwisho ili adui asiigundue, na mafundi wa viwanjani wakapaka tarehe 3 na 4 Juni kwa brashi, kwa haraka, wengine usiku, bila muda wa kunyoosha kingo. Kwa kipimo cha 1/72 mstari huo hugeuka milimita 6 na ushei. Dekali iliyouchapa ukiwa umenyooka kama rula inakubaliana na maandishi ya amri lakini inapingana na picha zilizopigwa viwanjani, ambako weupe unaonekana umechuruzika juu ya weusi na kona zimepinda kufuata mkono uliochoka. Kuna waunda modeli walioitupa dekali hiyo na kushika brashi, wakakosea kwa makusudi.

Katika miaka ya 1960 mashaka ya aina hiyo yalipata vyombo vya kuyasambaza. Gazeti la Airfix Magazine lilianza mwaka 1960. Chama cha kimataifa cha waunda modeli za plastiki, kinachofahamika kwa herufi IPMS, kiliundwa Uingereza mwaka 1963. Na vijitabu vya Profile, kila kimoja kikihusu aina moja ya ndege na katikati yake kikiwa na kurasa za michoro ya rangi, vikawa mezani mwa kila aliyekuwa na bisibisi ndogo na chupa ya gundi. Msomaji aliyeona mchoro wa ndege ya Hurricane ya rubani fulani alitaka kuitengeneza hiyo hiyo, na hakuna sanduku lililokuwa na herufi zake. Njia ya mwanzo ilikuwa kukata na kuunga: herufi E ikikatwa mkono wa chini hugeuka F, na tarakimu zilikusanywa kutoka karatasi tano tofauti. Wengine walitumia Letraset, karatasi za herufi kavu ambazo wachoraji wa ramani na matangazo walizihamisha kwa kuzisugua kwa kalamu butu, na kampuni hiyo baadaye ilitoa hata seti za alama za ndege kwa ufundi huo huo usiohitaji maji.

Waliofuata walikuwa wachapaji wa dekali hasa. Uingereza ilikuwa na Almark, kisha Modeldecal, ambayo karatasi zake zilichorwa na Dick Ward na kujaa alama za ndege za jeti za wakati huo huo, zikiambatana na maelezo yaliyobanwa kwa herufi ndogo mithili ya tanbihi za kitabu. Marekani ilikuwa na Microscale, iliyotoa mamia ya karatasi kwa namba zilizotanguliwa na kipimo, 72 au 48, na ambayo baadaye dekali zake za ndege zilijulikana kwa jina la Superscale. Ikumbukwe kuwa hawa hawakuwa na mashine za kumwaga plastiki wala mtaji wa kutengeneza kalibu za chuma. Walichokuwa nacho ni picha, mchoraji na mchapaji, na kwa mtaji huo mdogo waliweza kuikosoa hadharani kampuni kubwa kuliko wao mara mia, katika kila bahasha waliyouza.

Uchapaji uliotumika zaidi ni wa skrini. Fremu hukazwa kitambaa chenye matundu madogo sana, zamani cha hariri, sehemu zisizotakiwa kupitisha wino huzibwa, na wino mzito hukamuliwa kwa ubapa wa mpira hadi kwenye karatasi iliyo chini. Kila rangi ina fremu yake na zamu yake, na ugumu wote uko katika kuzikutanisha. Duara la Kiingereza la rangi tatu likichapwa kwa fremu tatu, na fremu moja ikasogea kwa nusu milimita, nukta nyekundu huenda upande, na modeli nzima huonekana kama yenye makengeza. Baadhi ya wachapaji walikiri udhaifu huo kwa njia ya busara: waliichapa nukta nyekundu peke yake pembeni mwa karatasi, mnunuzi akaibandika mwenyewe katikati kwa jicho lake. Jambo la pili lilikuwa weupe. Wino mweupe lazima uwe mzito wa kutosha kufunika kijani kibichi na kahawia ya ndege, la sivyo rangi ya chini hupenya na nyota huonekana imechafuka. Lakini ukiwa mzito kupita kiasi, dekali huinuka kama plasta kwenye kidonda. Ustadi wa kutafuta wastani huo ndio ulioifanya kampuni ya Cartograf ya Italia ichapie kampuni nyingi za nchi mbalimbali, zikiwemo zile za dekali za ziada na hatimaye zile za seti zenyewe.

Karatasi nzuri haikutosha kama mkono wa mbandikaji haukujua kazi. Adui mkuu huitwa weupe wa fedha: utando unapolazwa juu ya rangi isiyo na mng'ao, ambayo kwa hakika ni uso wenye vishimo vidogo mno, hewa hunaswa chini yake, na mwanga ukiipiga hewa hiyo, sehemu zilizo wazi kuzunguka herufi hung'aa kama ganda la samaki. Dawa yake ilipatikana katika hatua mbili. Kwanza modeli hupakwa koti la mng'ao, na kwa miaka mingi koti lililopendwa halikutoka duka la modeli bali duka la vyakula na sabuni: polishi ya sakafu ya akriliki iliyouzwa Uingereza kwa jina la Klear na Marekani kwa jina la Future, iliyojitandaza yenyewe bila kuacha alama ya brashi. Pili huja maji ya kulainisha, ambayo maarufu zaidi ni Micro Set na Micro Sol za Microscale. Ya kwanza, yenye harufu ya siki, hupakwa kabla ya dekali kulazwa ili ishike. Ya pili hupakwa juu yake. Kinachofuata humtisha kila mgeni wa kazi hii. Dekali iliyokuwa imetulia huanza kujikunja na kufanya makunyanzi kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa, na aliyeshtuka akaigusa kwa kidole huichana. Aliyevumilia akaiacha, huikuta baada ya nusu saa imezama ndani ya mifereji ya maungio ya bati na juu ya vichwa vya misumari, utando umetoweka machoni na herufi zimebaki kama zilizopakwa kwa rangi.

Ushahidi ndio uliokuwa mali ghafi ya biashara hii, na ushahidi wenyewe ulikuwa picha za rangi nyeusi na nyeupe. Hapa pana mtego ambao umezalisha mabishano mengi kuliko jambo lingine lolote. Filamu za zamani za aina ya othokromatiki hazikuhisi mwanga mwekundu: nyekundu ilitoka nyeusi, njano ikatoka ya giza, na bluu ikatoka hafifu karibu na nyeupe. Filamu za pankromatiki zilizihisi rangi zote, hivyo ndege ile ile iliyopigwa picha na wapiga picha wawili siku moja yaweza kuonekana kama ndege mbili. Mtafiti asiyejua filamu iliyotumika hana haki ya kusema rangi, na bado mchapaji lazima achague wino, kwani karatasi ya dekali haina mahali pa kuandika labda. Ndege ya Fokker ya mabawa matatu ya Werner Voss, Mjerumani aliyeangushwa tarehe 23 Septemba 1917, ilikuwa na sura ya mtu iliyochorwa kwenye kifuniko cha injini. Sura hiyo inaonekana vizuri pichani, lakini kama kifuniko chenyewe kilikuwa cha njano au cha kijani cha zeituni ni ubishi ambao umewafanya wachapaji watoe majibu tofauti, na mbandikaji anaponunua bahasha huwa amenunua pia upande katika ubishi huo. Hali hiyo yaeleza kwa nini maelekezo ya dekali za ziada yalirefuka hadi yakawa insha, yakitaja namba za rangi za viwango rasmi, kama zile za orodha ya serikali ya Marekani ya mwaka 1956, na kueleza upande upi wa ndege umeonekana pichani na upande upi umekisiwa.

Suala la upande si dogo. Ndege ya mabomu B-17 iliyoitwa Memphis Belle, ambayo ilikamilisha safari 25 za vita mwaka 1943, ilikuwa na mchoro wa msichana puani, aliyenakiliwa kutoka kwa kazi ya mchoraji George Petty; upande wa kushoto amevaa bluu na upande wa kulia amevaa nyekundu. Mchapaji aliyerudia mchoro mmoja pande zote mbili alikuwa ameokoa gharama ya fremu, na ameharibu.

Mkasa wa kuvutia kuliko yote ni wa marubani wa Kimarekani waliojitolea kuipigania China mwishoni mwa 1941 na nusu ya kwanza ya 1942, waliofahamika kama Simbamarara Warukao. Ndege zao za P-40 zilikuwa na aina mbili za pambo. Mdomo wa papa chini ya pua ulitokana na picha ya gazetini ya ndege za kikosi namba 112 cha Uingereza kilichokuwa Afrika Kaskazini. Ulichorwa kwa mkono kwenye kila ndege, hivyo hakuna midomo miwili iliyolingana, mmoja una meno marefu, mwingine ulimi mnene, mwingine jicho lililokaa juu zaidi. Simbamarara mdogo mwenye mabawa ubavuni, kwa upande wake, alibuniwa na wasanii wa studio ya Walt Disney, akachapwa kama dekali Marekani na kusafirishwa hadi Asia. Seti nyingi za modeli zilitoa mdomo mmoja kwa ndege zote. Dekali za ziada zilizofanywa kwa makini ziliuchora kila mdomo kwa kufuata picha ya ndege yake, na zikamchapa simbamarara kwa namna moja tu, kwa kuwa huyo alitoka mashineni tangu mwanzo. Tofauti kati ya kilichopaswa kutofautiana na kilichopaswa kufanana ndiyo iliyompa mchapaji jina.

Kitu cha karibu na hicho kilitokea kwa ndege za Ujerumani za miaka 1917 na 1918, ambazo mabawa yake yalivikwa kitambaa kilichochapwa kiwandani pembe nyingi za rangi nne au tano, ili rangi ya kujificha iwe imekwisha kabla ndege haijashonwa. Hakuna mkono unaoweza kuchora pembe hizo kwenye bawa lenye urefu wa kiganja. Wachapaji wa dekali walizitoa kama jora: vipande virefu ambavyo mbandikaji huvikata na kuvipanga bega kwa bega, akiamua kama vipite kwa urefu wa bawa au kwa upana wake, kama fundi wa kiwandani alivyoamua. Mtu aliyezoea kanga anaelewa mara moja kinachosumbua hapa: mchapo hurudia baada ya kipimo maalumu, na kipande kikikatwa pasipo pake, marudio hayakutani na kosa huonekana kutoka mlangoni.

Sheria nayo iliingilia. Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani hukataza kuonyesha nembo za vyama vilivyopigwa marufuku, na swastika iliyokuwa mikiani mwa ndege za utawala wa Hitler ni mojawapo. Watengenezaji wa seti waliotaka soko la Ujerumani waliiondoa, au waliichapa vipande viwili visivyo na maana mpaka viunganishwe, na aliyetaka mkia kamili akategemea bahasha ya mchapaji mwingine. Ufini ilidhurika bila hatia yake: swastika ya bluu ilikuwa alama ya anga ya nchi hiyo tangu Machi 1918, pale Eric von Rosen wa Uswidi alipoitoa zawadi ndege iliyokuwa nayo kama alama yake ya bahati, miaka miwili kabla ya chama cha Nazi kuichukua, na iliondolewa ndegeni mwaka 1945. Kwa sheria ya soko, hata hivyo, mkasi haukuuliza bluu wala nyeusi.

Kuhusu ndege zipi zilichapiwa dekali, biashara hii haikuwa na haya: ilifuata fedha. Spitfire ya Johnnie Johnson ya mwaka 1943, iliyobeba herufi za kwanza za majina yake, JE na J, kwa kuwa kiongozi wa kundi la vikosi aliruhusiwa kujiandika hivyo, imechapwa na kampuni moja baada ya nyingine kana kwamba Uingereza haikuwa na Spitfire nyingine 20,000. Majeshi ya nchi ndogo yalibaki kwa wachapaji wadogo waliosukumwa na mapenzi zaidi ya faida, kama Aztec Models ya Mexico iliyozishughulikia ndege za Amerika ya Kusini na Kati, au Max Decals ya Ireland. Afrika Mashariki imo katika historia hii kwa mlango wa pembeni. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia makoloni ya Uingereza yalihimizwa kuchangia fedha za kununulia ndege, na kila ndege iliandikwa jina la waliochanga. Mojawapo ilikuwa ndege ya F.E.2b, yenye propela nyuma ya rubani, iliyoandikwa ubavuni Zanzibar No. 1. Kwa mtafiti wa dekali majina hayo ni kichwa kinachouma, kwani ndege ikianguka jina lilihamishiwa nyingine ili wachangiaji wasikose ndege yao, na picha mbili za jina moja zaweza kuwa za ndege mbili tofauti kabisa, zenye namba tofauti mkiani na rubani tofauti kitini.

Katikati ya miaka ya 1990 mlango ulifunguka kwa mtu mmoja mmoja. Kampuni ya Alps ya Japani ilitoa mashine za uchapaji za mezani zilizotumia utepe wa wino mkavu, na kati ya tepe zake ulikuwemo mweupe, jambo ambalo mashine za kawaida za nyumbani haziliwezi hata leo. Mpenzi wa kikosi kimoja kisichojulikana aliweza sasa kuchapa karatasi 10 na kuziuza 9. Alps ilipoacha kuzitengeneza, waliokuwa nazo walizitunza kama saa za babu, wakisaka tepe zilizobaki. Wakati huo huo kampuni za seti zilikuwa zimejifunza somo lililoziuma: Eduard ya Ucheki ilianza kuweka sandukuni alama za ndege tano au sita zilizofanyiwa utafiti, na katika miaka ya karibuni ikachapa dekali ambazo utando wake, baada ya kukauka, hubanduliwa kwa kibanio na kuacha wino peke yake. Wengine wameiacha dekali kabisa wakatumia vibandiko vya kuzuia rangi vilivyokatwa kwa mashine, wakapuliza nyota na misalaba kama ilivyofanyika kwenye ndege kubwa.

Karatasi za Modeldecal, za Superscale na za wachapaji wengi waliofunga zingali zikizunguka kwa mkono wa pili, na zinatafutwa kwa sababu alama zake nyingi hazijachapwa tena. Vanishi yake imegeuka njano kwa umri, na nyota zilizokuwa nyeupe zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Mnunuzi huzibandika kwa utepe kwenye kioo cha dirisha linalopokea jua, uso ukitazama nje, akazikagua kila baada ya siku kadhaa mpaka unjano upungue. Kisha hukata kipembe kisicho na kazi, namba ya karatasi au jina la mchapaji, na kukitumbukiza majini kwanza, aone kama utando utashikamana au utavunjika vipande.